Sarafu Zilizofungwa Pindoni

Likizo zilipokuwa zikiisha kijijini Gando, nchini Burkina Faso, mtoto mmoja alikuwa na wajibu wa kutimiza kabla ya kurudi shuleni mjini. Alipita nyumba hadi nyumba kuaga. Kila alikofika, mama wa nyumba ile alifungua pindo la nguo yake, akatoa sarafu ya mwisho aliyokuwa nayo na kumtia mkononi. Mtoto alishangaa, kwa maana akina mama wale hawakuwa na kitu. Siku moja akamuuliza mama yake sababu. Mama akamweleza kwamba wote wale wanamchangia masomo, wakitumaini kwamba atafaulu, na akishafaulu atarudi kuinua maisha ya pale.

Mtoto yule ni Diébédo Francis Kéré. Mwezi Machi 2022 alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Pritzker, heshima iliyo kubwa kuliko zote katika kazi ya ubunifu wa majengo duniani. Tuzo hiyo ilianza kutolewa mwaka 1979, na kabla yake hakuna Mwafrika aliyewahi kuipata.

Nimekuletea habari zake wewe uliyewahi kukanda tope kwa miguu. Wewe uliyejenga kibanda cha fito nyuma ya jiko la bibi, uliyebeba maji ya kuchanganyia udongo, uliyeshika kamba upande wa pili baba alipokuwa akipima msingi. Pengine hukujua kwamba siku ile ulikuwa darasani. Nataka ujue leo, kwa sababu njia ya kuelekea kwenye ofisi yako mwenyewe ya ubunifu majengo ilianzia pale, na kila ulichokishika pale bado unacho.

Darasa la kwanza ni ukuta wa nyumbani

Kéré alizaliwa mwaka 1965, mtoto wa kwanza wa mkuu wa kijiji. Gando ya wakati ule haikuwa na umeme, haikuwa na maji ya bomba, wala haikuwa na shule. Kilichokuwepo ni udongo na watu. Nyumba za udongo zina tabia inayojulikana na kila aliyeishi ndani yake: mvua ikinyesha zinaliwa, na mvua ikikata lazima zikandikwe upya. Mtoto anayekulia humo huona nyumba ikizaliwa, ikizeeka na kufufuliwa kwa mikono ya majirani. Anajua udongo gani unashika na upi unapasuka. Anajua ukuta mnene hutunza ubaridi hadi mchana, kwa sababu ameuegemea.

Kéré mwenyewe amesimulia kwamba mara ya kwanza kuhisi maana ya jengo ilikuwa chumbani kwa bibi yake. Kulikuwa na mwanga mdogo, watoto wamejibanza pamoja, na bibi anawahadithia. Sauti yake ilijaza chumba, ikawavuta waje karibu, wakajiona wako salama. Chumba kile hakikuchorwa na mtaalamu yeyote, lakini kilikuwa na kila kitu ambacho mtaalamu hutafuta maisha yake yote: kivuli, utulivu, na sababu ya watu kukaa pamoja.

Wewe nawe una chumba chako. Labda ni baraza la mwambao ambako wazee walicheza bao hadi jua likazama. Labda ni banda la makuti ambalo upepo wa bahari ulipita katikati yake bila kuomba ruhusa. Labda ni msonge wa babu huko bara, wenye moshi unaofukuza mchwa kwenye paa. Usiviache vyumba hivyo nyuma unapokwenda chuoni. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, na katika kazi hii utumwa wake unaonekana kwa macho: ni jengo la vioo vitupu linalopigwa na jua la Dar es Salaam tangu asubuhi, ambalo bila kiyoyozi hakuna anayeweza kukaa ndani yake hata saa moja.

Akiwa na miaka 7 Kéré alipelekwa mji wa Tenkodogo kusoma, akawa wa kwanza kijijini kwao kuingia darasani. Darasa lenyewe lilikuwa la matofali ya saruji, halina hewa wala mwanga wa kutosha, na ndani yake walisongamana watoto zaidi ya mia moja kwenye joto la nchi ile. Wengi wetu tumekaa kwenye madarasa ya namna hiyo. Tumesikia bati likilia juani, tumelala juu ya madaftari saa nane mchana tukaitwa wavivu. Tofauti ya mtoto yule ni kwamba aliweka nadhiri. Alijiambia kwamba siku moja atajenga shule bora kuliko ile.

Kwa hiyo usiyasahau yaliyokutesa. Joto lililokutoa jasho ukiwa darasa la tatu ni kipimo ambacho hakimo kwenye kitabu chochote. Anayelijua kwa ngozi yake ndiye atakayepigana nalo kwa kalamu yake.

Seremala wa miaka kumi

Mwaka 1985, akiwa na miaka 20, Kéré alipata ufadhili wa kwenda Ujerumani. Sikiliza vizuri ulikuwa ufadhili wa nini. Ulikuwa wa useremala. Mchana alijifunza kupaua nyumba na kutengeneza samani mjini Berlin, na usiku alikaa darasani kumaliza masomo ya sekondari. Alikuwa kijana mzima katika nchi ya baridi, anayejifunza kwa lugha ya watu, mikono imechoka na macho yanataka kufumba. Aliishi hivyo mwaka baada ya mwaka. Alipopata ufadhili wa kuingia Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin ilikuwa mwaka 1995, naye ametimiza miaka 30. Alihitimu mwaka 2004, akiwa na miaka 39.

Hesabu hiyo iandike mahali utakapoiona kila siku. Kwetu, kijana wa miaka 19 akikosa alama za kuingia chuo kikuu huambiwa amefeli maisha. Akipata nafasi ya kujifunza useremala au uashi katika chuo cha ufundi cha VETA, ukoo humsindikiza kwa huruma kana kwamba anakwenda kifungoni. Na yeye mwenyewe, asubuhi akivaa ovaroli, hupita njia ya uchochoroni ili waliosoma naye wasimwone.

Inua kichwa, kijana. Pita barabara kuu. Seremala anajua uzito wa mbao kwa bega lake. Anajua kenchi hupasuka wapi ikibebeshwa kisicho chake. Aliyepanda juu ya paa akiwa na nyundo mkononi hachori paa lisilopandika. Aliyekuwa saidia fundi, akapandisha zege kwa karai hadi ghorofa ya pili, anajua kwamba kila mstari anaouchora kuna mtu atakayeubeba kichwani. Maarifa hayo yakikutana na hesabu na historia ya chuo kikuu, anazaliwa mbunifu ambaye mafundi wanamwamini, kwa sababu akisema kozi imepinda, imepinda kweli.

Nawe uliye tayari chuoni, unayeshinda usiku ukichora kwenye kompyuta, likizo ijayo usiende kulala nyumbani. Tafuta eneo la ujenzi lililo karibu, salimia mafundi kwa heshima, omba kazi ya kuchanganya zege. Shika timazi. Shika pima maji. Simama karibu na fundi mwashi mzee umwangalie anavyogonga tofali kwa kitako cha mwiko mara mbili na kuendelea. Wiki mbili za namna hiyo zitaisafisha michoro yako kuliko muhula mzima.

Rudi na jibu mkononi

Kéré hakusubiri shahada ndipo akumbuke sarafu za pindoni. Mwaka 1998, akiwa bado mwanafunzi, alianzisha jumuiya ya kuchangia shule ya Gando. Aliwaomba wanafunzi wenzake wapunguze kahawa na sigara, fedha hiyo iende kwenye matofali. Haba na haba hujaza kibaba: baada ya takriban miaka 2 alikuwa amekusanya dola 50,000 za Marekani.

Alirudi kijijini kwa shangwe, lakini alipoeleza kwamba shule itajengwa kwa udongo, nyuso zilibadilika. Watu walimwuliza inakuwaje mtu aliyesoma Ulaya awarudishie tope, ilhali wao wenyewe wanajenga nalo na kila masika linaanguka. Swali lao lilikuwa la haki. Liliulizwa na watu walioamka usiku wa mvua wakakuta ukuta umelala chini.

Hapa ndipo wasomi wengi tunapokosea. Tukipingwa tunajitetea kwa maneno makubwa, au tunanuna na kuondoka. Kéré alijibu kwa vitendo. Alijenga mfano wa kuba la matofali ya udongo, na wanaume wa kijiji wakapanda juu yake wakaruka, wakaona kwamba halianguki. Mashaka yakageuka nguvu kazi. Watoto walikusanya mawe ya msingi, wanawake wakaleta maji ya kufyatulia matofali, na kijiji kizima kikaingia kazini.

Tazama alivyolitatua lile joto la Tenkodogo. Udongo ulichanganywa na saruji kidogo, ukashindiliwa kwenye mashine ya mkono ukawa tofali gumu. Juu ya madarasa aliweka dari ya udongo yenye upenyo wa kutolea hewa. Kisha paa la bati akaliinua mbali na dari, likakaa juu ya kenchi nyepesi za nondo zilizochomelewa palepale, kwa kuwa winchi ya kunyanyulia vyuma vizito isingefika kijijini. Jua likipiga bati, hewa iliyo chini yake hupata moto na kutoka. Ile ya darasani hupanda kupitia darini kuifuata, na hewa iliyopoa huingia madirishani. Bati nalo limetokeza mbali nje ya kuta, hivyo mvua haiupati udongo. Nondo, bati, saruji na udongo, vyote vinapatikana hata kwetu. Kilichoongezwa ni akili ya mtu anayemjua adui yake.

Shule ilikamilika mwaka 2001 ikiwa na madarasa matatu. Ilianza na wanafunzi 120, na kadiri miaka ilivyokwenda na majengo yalivyoongezwa wakafika 700. Vijiji viwili jirani viliona namna Gando ilivyojipanga, navyo vikajijengea shule kwa mikono yao. Ukijenga vizuri kwa watu wako, jengo lako linakwenda kufundisha mahali ambapo wewe hujafika.

Ofisi hufunguliwa na kazi

Sasa angalia mfuatano wa mambo. Shule ya Gando ilisimama mwaka 2001. Mwaka 2004 ikapata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo, mwaka uleule ambao mbunifu wake alihitimu. Ofisi yake mwenyewe mjini Berlin aliifungua mwaka 2005, akiwa na miaka 40. Kazi ilitangulia, kibao cha mlangoni kikafuata.

Vijana wengi wanapindua mpangilio huo. Wanaanza na jina la kampuni, kadi za kugawa na kiti cha kuzunguka, halafu wanakaa kusubiri tajiri atakayetaka ghorofa. Wanaona aibu kuchora choo cha shule ya kijijini, banda la soko la mama ntilie au nyumba ya vyumba viwili ya mwalimu mstaafu. Ndugu yangu, kazi hizo ndogo ndizo ofisi yenyewe. Wasemao mcheza kwao hutunzwa hawakukosea: shule ya kijiji kimoja ndiyo iliyomfungulia Kéré milango ya dunia. Baada ya Gando amejenga mjini Koudougou nchini mwake, amesimamisha banda la maonyesho la Serpentine jijini London mwaka 2017, na mwaka 2019 kivuli cha magogo huko Montana, Marekani.

Na amefika kwetu pia. Kando ya Ziwa Turkana, kaskazini mwa Kenya, kuna kampasi ya Startup Lions, mahali ambapo vijana wanajifunza teknolojia ya habari na mawasiliano. Ilikamilika mwaka 2021. Imejengwa kwa mawe yaliyochimbwa hukohuko, na juu yake imenyanyua minara mirefu inayotoa hewa ya moto. Minara hiyo inafanana na vichuguu vya mchwa vilivyotapakaa katika nchi ile. Fikiria mchungaji wa Turkana aliyepita karibu na kichuguu maisha yake yote, kisha akione kimegeuzwa chuo cha kompyuta. Atatambua kwamba ardhi yake ina elimu ndani yake.

Sisi wenyewe pia hatukukosa wa kututangulia. Beda Amuli, Mtanzania, alikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza Afrika Mashariki kuwa na ofisi yao wenyewe ya ubunifu majengo. Yeye ndiye aliyebuni Soko la Kariakoo, lenye yale mapaa ya zege yaliyofunguka juu kama miavuli iliyogeuzwa. Katika miaka ya 1970, nchi ikiwa bado changa, mwana wa nchi hii alichora soko ambalo kizazi baada ya kizazi kimepatia riziki ndani yake. Ukipita Kariakoo, inua macho kidogo. Mtu kama wewe alipafikiria pale.

Njia ya kisheria ifuate kwa uaminifu, kwa sababu maisha ya watu yanakaa chini ya michoro yako. Tanzania, mbunifu majengo ni lazima asajiliwe na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na Kenya nako wasanifu wana bodi yao. Utasoma, kwa mfano miaka mitano Chuo Kikuu Ardhi. Utafanya kazi chini ya aliyesajiliwa, na utakaa mtihani wa kitaaluma. Kipindi hicho cha kuwa chini ya mtu usikione kama utumwa. Ni wakati wako wa kujifunza namna mkataba unavyosomwa na mteja anavyosikilizwa, hasira ya mkandarasi inavyotulizwa, na namna kosa la sentimita tano linavyokubaliwa mapema kabla halijawa kosa la milioni hamsini.

Kumbuka pia kwamba kujitegemea hakumaanishi kujitenga. Kéré ana ofisi yake, lakini mafundi wa Gando waliojifunza kazi katika ujenzi wa shule ile ya kwanza waliendelea kufanya kazi katika miradi iliyofuata, na ujuzi wao ukawa ajira. Ukifungua ofisi yako, uliza swali hili kila mradi unapokwisha: ni fundi gani ameondoka hapa akijua jambo ambalo jana hakulijua? Kama hakuna, umekabidhi jengo na kazi bado.

Anza wiki hii

Sitaki ufunge ukurasa huu ukiwa umesisimka tu. Msisimko hupoa kama chai. Nataka ufanye jambo.

Kama ungali shuleni, chukua futi kamba upime darasa lako. Hesabu madirisha. Andika jua linaingia upande gani asubuhi na upande gani jioni, na ni mstari upi wa madawati unaoungua. Chora ungelitengenezaje. Hiyo ni kazi yako ya kwanza, na tarehe yake uiandike juu ya karatasi.

Kama wewe ni fundi uliyekata tamaa na masomo, jiandikishe darasa la jioni. Usiangalie umri wako. Mtu aliyeingia chuo kikuu na miaka 30 leo anaalikwa na nchi kuzichorea majengo ya bunge.

Kama una shahada na huna kazi, rudi shule ya msingi uliyosoma. Muulize mwalimu mkuu kinachovuja. Kusanya wenzako mliohitimu pamoja, kila mmoja aache soda zake za mwezi, mrekebishe darasa moja, darasa moja tu, kwa ustadi wote mliofundishwa. Liwe darasa ambalo mtoto hasinzii ndani yake saa nane mchana. Kisha mwite diwani aje akae humo ndani mchana huohuo, ajionee tofauti.

Na kama wewe ni mzazi, ukimkuta mwanao amepakaa tope hadi masikioni akijenga kijumba nyuma ya nyumba, shusha hiyo fimbo. Chuchumaa. Muulize mlango unafungukia wapi na kwa nini.

Hakuna aliyefika hapa peke yake. Kuna shangazi aliyeuza kuku ili ununue sare. Kuna mwalimu aliyekukopesha nauli, na mjomba aliyekupa ubao wake wa kuchorea. Kuna bibi aliyefungua fundo la kanga na kukupa noti iliyokunjwa mara nne, akasema, "Nenda ukasome, mjukuu wangu." Wote hao hawakukuomba jumba la kifahari. Walikuomba urudi.

Leo, katika kijiji unachokijua kwa jina, watoto wanakaa chini ya bati linalowaka na mwalimu wao anapaza sauti ili wasisinzie. Wewe unajua udongo wa kijiji kile, na upepo wake unatokea wapi. Rudi ukawajengee.